Ulisema Nijibu Ndiyo

4 Machi

Kaka,

Nisamehe kukaa mwezi mzima bila kuandika. Kila nikishika kalamu yanatoka matusi. Shikamoo sikupi. Mpwa wako anaota meno, halali, na mimi silali, vinginevyo wazima.

Uliponitumia flash ya kuweka mfumo mpya, Linux, kwenye kompyuta ya marehemu mama, karatasi yako ilikuwa na mstari mmoja: kila itakapouliza, jibu ndiyo. Nikakupigia simu, kila kitu? Ukacheka, ukasema hata mtoto anaweza. Basi nikampakata mtoto, tukajibu ndiyo. Ikauliza kama ifute diski yote. Ndiyo.

Sauti ya mama ilikuwa humo, Kaka. Nyimbo alizomrekodia mjukuu ambaye hakujaliwa kumwona. Hazipo kwingine.

Linux yako iliwaka vizuri. Nikaizima kompyuta palepale, nikaitupa juu ya kabati.

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa umeninyima. Mnaendeleaje? Aibu ndiyo iliyonichelewesha. Hapa karakana tunawekea Linux kompyuta tupu, ndiyo ni jibu la kila siku. Nilisahau ya mama haikuwa tupu.

Usiiwashe hivihivi. Iwashe kwa flash, chagua kujaribu bila kusakinisha. Ndani ya flash mna programu ya kufukua faili zilizofutwa. Faili iliyofutwa hukaa chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Siahidi kwamba zitapatikana.

Kaka yako

17 Aprili

Kaka,

Habari za huko? Mtoto ana jino. Shikamoo bado nimeishika.

Kumbe hasira yangu imefanya kazi kuliko maelekezo yako: kompyuta haijaguswa tangu siku ile. Nimeiwasha kwa flash. Amri ya kwanza ilinikatalia mara nne, hukuniambia lazima nianze na neno sudo, la kuomba ruhusa. Hilo nalo nimekuandikia deni la matusi.

Imeorodhesha faili za sauti kumi na moja, hazina majina, namba tu. Ikatoa moja, ikagoma, nafasi kwenye flash imejaa. Nikaifungua. Mama anakohoa, kisha anauliza, “Imewaka hiyo?” Ikakatika. Mtoto aliacha kulia, akaitazama kompyuta.

Zimebaki kumi. Nitumie: diski ya nje, tupu, uliyoikagua mwenyewe, chaja (hii ya sasa inashika tu nikiikandamiza kwa kandambili), spika ndogo, na karatasi mpya, mstari kwa mstari, kila ndiyo uandike ni ndiyo ya nini.

Mdogo wako