Kibati cha Landrova ya Baba

Jumanne, 9 Agosti 1994

Tamimu kaja na mgeni. Ndiyo kwanza natoka sokoni, robota la mitumba bado liko begani. Mgeni anaitwa Anselm, wakala kutoka Arusha, anazunguka mikoani kutafuta Landrova kuukuu za kununua. Siku hizi kila kitu kina mnunuzi — hata banda la kuku! Maana gari la marehemu Baba limeshakuwa banda. Kuku wetu wanatagia kiti cha nyuma.

Tamimu ni ndugu yangu, baba mmoja. Anasema gari ni la mirathi, ligawanywe kama duka lilivyogawanywa. Mama anasema ni lake peke yake. Baba alilinunua kwa bangili zake za dhahabu, kabla ya Uhuru, mama yake Tamimu hajaolewa bado hapa. Tamimu akasema, kwa adabu zake zote: shikamoo Mama mkubwa, lakini gari hili ni la sitini na kitu, mama yangu alishaingia nyumbani. Mama akikasirika Kiswahili humkimbia. Alimjibu kwa Kinyaturu, na si maneno ya kuandika.

Anselm akatuliza. Kila Landrova hutoka kiwandani na kibati chenye namba, na namba inasema mwaka. Kadi ya gari ilishapotea, lakini kibati kipo, mbele ya kiti cha dereva. Kachungulia. Vumbi na mavi ya kuku tu, hakisomeki. Atarudi Ijumaa, leo anawahi Ilongero kuangalia gari jingine. Tumekubaliana wote watatu: kibati kiamue. Kikisema ni la kabla ya Uhuru, ni la Mama, na Tamimu hatatia neno.

Mama kaitwa mwongo uani kwake mwenyewe. Mimi Kauthar siliachi hili.

Alhamisi, 11 Agosti

Mama kasugua kibati! Kwa majivu na mchanga, kama anavyosugua masufuria ya Maulidi. Eti mgeni anakuja, asikute uchafu. Nimerudi sokoni nimekuta kinang'aa hadi najiona pua. Rangi yote imetoka, na namba zenyewe zilikuwa zimegongwa kijuujuu. Tatu za mwanzo naziona. Ya nne imebaki mkunjo tu. Za mwisho afadhali kidogo.

Nimefoka. Mama kanitazama, akaniuliza kama nilitaka watu waondoke wakisema nyumba ya Zabibu, yaani yake, ina mavi ya kuku.

Ijumaa, 12 Agosti

Wamekuja baada ya swala. Anselm kapiga magoti, kavaa miwani, kaguna. Kwa magari ya aina hii, ile ya nne ndiyo inayotaja mwaka. Yaani hiyohiyo iliyoliwa na mchanga! Tamimu akasema basi, haisomeki, habari imekwisha. Nikamwambia akae chini, haijaisha.

Nimechukua karatasi na penseli. Shuleni tulikuwa tunaweka karatasi juu ya sarafu na kupaka penseli mpaka picha inatokea. Mara ya kwanza imetokea michirizi. Mara ya pili karatasi imechanika. Nikachukua karatasi nyembamba ya kufungia sabuni, nikalaza penseli, nikapitisha polepole bila kukandamiza. Tamimu anasema tunapoteza muda wa mgeni. Nikaendelea kupaka. Kikaja kichwa, ikaja shingo — tisa! Na mwishoni herufi A. Anselm akafungua majedwali yake, akapitisha kidole. Toleo la hamsini na tisa.

Nimepiga kigelegele peke yangu. Mama hakupiga. Nilidhani ni uchovu.

Lakini huyu Anselm hana haraka. Kagusa ribiti zinazoshika kibati: mbili za namna moja, mbili za namna nyingine. Anasema kibati hiki kimewahi kung'olewa. Mnunuzi wake hakubali kibati peke yake. Namba hiyohiyo lazima iwe imegongwa kwenye chesisi, mbele upande wa kulia, karibu na springi. Pale pana grisi na tope la miaka. Atakuja Jumatano na vifaa vyake.

Tamimu kaondoka amechangamka. Na achangamke! Siwezi kusubiri mtu wa Arusha aje kuniambia gari letu ni lipi.

Jumatatu, 15 Agosti

Sikufungua kibanda. Nimevaa suruali ya mitumba iliyokosa mteja, nimeingia chini ya gari na mafuta ya taa, brashi ya waya na kisu cha jikoni. Tope limekuwa jiwe. Mkono umekufa ganzi, jicho limeingia kutu. Mara mbili Mama kaniita nikale. Mara ya tatu kaniambia niache, gari litaniangukia. Nikasema sitoki.

Namba imetokea saa za alasiri. Sikuhitaji karatasi. Imesimama wazi kama ya jana. Si ile ya kwenye kibati. Wala haikaribiani nayo. Mwishoni ina herufi D.

Anselm alituachia nakala ya majedwali. Nimeangalia mara nne, nikitumaini nimekosea mstari. Sitini na saba. Tamimu alisema kweli.

Nimelia chini ya gari, nasema ukweli. Kisha nikatoka na kumuuliza Mama. Hakubabaika hata kidogo! Akaendelea kuchambua mchicha. Gari la kwanza, la bangili, lilichukuliwa na maji kule Kinyangiri mwaka wa mvua kubwa. Baba akang'oa kibati, akarudi nyumbani kwa miguu nacho mfukoni, akampa. Alipoleta hili la pili, kwa fedha ya duka, Mama akamtolea kile kibati na nyundo. Akamwambia mke mdogo atapanda, sawa, lakini atapanda gari lenye kibati changu. Baba akakigonga.

Nikamwambia, Mama, kwa hiyo gari si lako. Akasema kibati kinasema nini? Nikasema kibati si gari. Akaniambia nipake grisi pale nilipofuta, na nisimtaje tena Tamimu jikoni kwake.

Jumatano, 17 Agosti, asubuhi

Mama hajanisemesha tangu juzi. Alfajiri kaniwekea kopo la grisi mlangoni, na kitambaa juu yake. Nimelirudisha stoo.

Sipaki. Nampenda Mama kuliko nafsi yangu, na Tamimu ananichosha roho, lakini sipaki. Tulisema kibati kiamue, na sasa najua kibati kilipotoka. Nitaisoma ile namba mimi mwenyewe mbele ya wote, kwa sauti, kabla Anselm hajainama. Halafu nitasema na habari ya bangili. Wakimcheka Mama watanicheka na mimi.

Gari limesimama nje. Wamewahi! Naandika dirishani. Anselm huyo na sanduku lake. Tamimu huyo. Na — sikutegemea — Mama mdogo Sijaona, mama yake Tamimu, kashikwa mkono. Hajakanyaga hapa tangu arobaini ya Baba. Mama katoka na kanga ya kichwani haijakaa sawa.

Mama mdogo hakungoja hata kiti. Kamwamkia Mama, kisha kasema hakuja kwa ajili ya gari. Kabla hawajaanza kupima chochote, king'olewe kwanza kibati cha dada, ndivyo anavyomwita Mama, arudishiwe. Miaka yote hiyo yeye kakipanda kwa adabu, hataki kiende Arusha kwa watu wasiokijua.

Tamimu anauliza kibati cha dada kivipi. Anauliza tena, anamvuta mama yake mkono wa baibui. Anselm kainua miwani, kisha kaishusha.

Mama ananiita. Anataka patasi.