Masikio ya Zimwi

Ilongero, Alhamisi

Na zimwi lenyewe lilikuwa limetoka vizuri! Nalipenda kuliko madubwana yote niliyowahi kuchora, kwa sababu mdomo wake uko kisogoni. Kwa mbele ni mgeni tu anayeomba maji. Akigeuka, umekwisha.

Ila uso niliuona mtupu mno kwa ukuta wa chekechea. Nikaongeza masikio yaliyotobolewa, yananing'inia mpaka mabegani. Watoto walipiga kelele, nikafurahi.

Mchana Bibi akaja kumchukua mdogo wangu. Hadithi za zimwi nilizisikia kwake, jikoni kwake. Alisimama mbele ya ukuta, akasema, "Masikio yangu umeyapatia."

Sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe, na hilo ndilo linaloniumiza. Alitobolewa akiwa msichana ili apendeze, na watu walimsifia. Mimi nimeyatundika kwenye...

Kesho nayafuta, hata kabla ya uji wa watoto.

Jioni amekula nasi nyumbani, kando kabisa ya moto, amejifunga khanga kichwani mpaka shingoni. Mama akamuuliza, "Unasikia baridi?"

Akasema ndiyo.