Ekari Sita za Kichaka

Shika Adabu, Likoni
Jumatano, 14 Mei 2025

Kaka Kitsao,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Dammam ulilolilalamikia mwezi uliopita limekupa nafasi ya kulala. Sisi huku tu wazima. Mguu wa mama umepoa, anakwenda kanisani na kurudi bila kushikwa mkono. Mvua ya Aprili imekuwa pungufu kuliko ya mwaka jana. Niliipima kwa kopo siku thelathini, kwa hiyo sikisii.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua na simu zipo. Simu ya mama inasomwa na baba mdogo Boga, yangu inasomwa na mama, na kundi la familia lina watu ambao sijui nani aliwaingiza. Barua hii nampa Judy mkononi, anarudi kazini huko Ijumaa. Nimeifunga kwa gundi. Ukiikuta imefunguliwa, nijulishe.

Habari yenyewe ni ya shamba letu la nyuma ya nyumba, linaloshuka mpaka kwenye mikoko. Mwezi Februari lilikuja shirika liitwalo Pwani Hewa Safi. Kazi yake nilikuwa nimeisoma chuoni kabla ya kuisikia kwao. Kampuni ya Ulaya inayotoa moshi hugharamia miti mahali pengine duniani ili miti hiyo inyonye moshi ule, kisha hutangaza kwamba imejisafisha. Mikoko hutafutwa zaidi kwa kuwa hunyonya kuliko msitu wa kawaida. Basi mtu anapanda ndege Frankfurt kwenda kuota jua, na moshi wake unatafutiwa pa kukaa Shika Adabu. Katika kitabu chetu cha jiografia jambo hili lina sura nzima yenye michoro ya rangi. Ukurasa unaoeleza mwenye shamba huulizwa lini sikuuona.

Afisa wao anaitwa Mwarandu. Alimwamkia mama kwa lugha yetu, akasema kwao ni Kaloleni, akakaa mkekani ingawa alipewa kiti. Kwa sababu ya jina lake na lugha yake, hakuna aliyemwomba kitambulisho. Mimi niliona mambo mawili: maji aliyopewa hakuyanywa, na kila alipozungumza macho yake yalikuwa nyuma ya nyumba. Niliyaandika kwenye daftari.

Tarehe 22 Aprili tuliamka tukakuta mawe manne ya mipaka yamepakwa rangi nyekundu. Wiki iliyofuata naibu chifu aliita baraza, akabandika ramani ukutani, akasoma kwamba ekari sita za kando ya mikoko ni ardhi wazi, haitumiki, na imependekezwa iwe hifadhi. Mwenye pingamizi alilete kabla ya tarehe 30 Mei. Unajua hati hatuna. Tulicho nacho ni minazi aliyoipanda babu, na makaburi matano, la babu na la dada yetu Nyamvula yakiwemo. Tukiulizwa tumekaa hapa tangu lini, makaburi ndiyo yanayotujibia. Kwenye ramani ile hayakuwepo. Mahali pake paliandikwa: kichaka.

Tangu siku hiyo mtaa mzima ulikuwa na swali moja, nani aliyewapa ramani. Ilionekana wazi kwamba mchoraji alipita kila kichochoro, maana hata choo cha kina Tinga kilikuwa mahali pake. Mshukiwa hakuchelewa kupatikana. Ni Elkana, mpangaji wetu wa chumba cha uani, karani wa bandarini, mtu wa bara aliyehamia hapa na mkewe Philister baada ya wewe kusafiri.

Ushahidi dhidi yake ulikuwa huu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi huenda mpaka mikokoni na kurudi, midomo ikicheza kama anayehesabu. Alionekana na karatasi ndefu iliyoviringwa, ameibana kwapani. Tena mwaka jana alimwuliza baba mdogo Boga yale makaburi ni ya kina nani.

Kwenye kioski cha maji, Salha mwenye kioski alisema mbele ya foleni kwamba wallahi mtu wa bara hahesabu hatua bure, hesabu yake lazima ina jumla. Tinga akamjibu kwamba basi leo kila mtu awafungie kuku mapema, huenda nao wameshaingizwa kwenye ramani. Watu wakacheka sana. Philister alikuwa mtu wa nne kwenye foleni hiyo. Alingoja zamu yake, akajaza mitungi miwili, akawaambia asanteni majirani, akaondoka. Tangu hapo huchota maji mtaa wa pili, Timbwani.

Mama naye alimrudishia Philister bakuli lake likiwa tupu. Nawe umelelewa na mama, unajua bakuli la jirani halirudi tupu nyumbani kwetu. Baba mdogo Boga akamwambia Elkana kwamba chumba kinahitajika, ahame kufikia Jumamosi hii. Elkana aliuliza sababu. Akaambiwa sababu anaijua mwenyewe.

Nilichunguza, na ilinichukua siku tatu. Elkana hutembea kwa sababu ana sukari na kliniki imemwagiza atimize hatua elfu tano kwa siku. Karatasi ndefu ilikuwa kalenda ya kwaya yao. Kuhusu makaburi aliuliza kwa sababu alihofia wanawe wasije wakachezea juu yake. Haya yote Philister alinieleza nilipomwuliza. Alisema mimi ni mtu wa kwanza kumwuliza.

Lakini sikuwa nachunguza ili nimjue mwenye kosa. Huyo nilimjua tangu siku ya baraza, nilipoona tarakimu ya 7 yenye mkato katikati. Ramani ile ni yangu, Kaka. Nimeichora mimi.

Mwarandu alifika chuoni kabla ya kufika kwetu, akachagua wanafunzi watano wa jiografia, kila mmoja achore mtaa anaoujua. Aliahidi kwamba mwenye ramani bora atapelekwa Rotterdam kusoma kwa mwezi mmoja. Huo ni mji ulio chini ya usawa wa bahari, unakaa mkavu kwa kuta na pampu. Nimeusoma miaka miwili na nilitaka kuuona kwa macho yangu. Nyumbani sikusema, maana ningesema Boga angekataa. Nilipima siku za Jumamosi mama akiwa kwenye maombi. Mwarandu alipokuja kukaa mkekani tulijifanya hatujuani, na mimi nikaona ni ujanja.

Kupima kwa dira ni kunyoosha mkono, kulenga kitu na kusoma digrii. Nililenga minazi, visima, pembe za nyumba. Nilipofika makaburini mkono ulikataa. Wewe ndiye uliyenifunza kwamba kaburi halinyooshewi kidole, na anayekosea akiume kidole hicho papo hapo. Nilisimama, nikakunja dira, nikapita. Jioni mezani nikaona nimebaki na pengo katika ramani. Fomu ya shirika ilitaka kila pengo lijazwe, na katika orodha yao ya matumizi ya ardhi neno makaburi halikuwemo. Nikaandika kichaka. Niliona nimewasitiri marehemu.

Muhula uliopita niliandika insha ya kurasa kumi na mbili nikiwalaumu Wazungu waliochora mipaka ya Afrika bila kuuliza waliokuwa wakiishi humo. Nilipata alama sabini na nane.

Juzi Jumatatu nilikwenda ofisi ya shirika, Kisauni, kuomba ramani irekebishwe. Mwarandu alikuwa mpole kupita kiasi. Alisema ramani imeshasafiri, haiguswi. Akanipa karatasi ya kutia sahihi, kwamba nilipima kila mahali kwa mkono wangu na hakuna nilichoacha. Kando yake aliweka barua ya Rotterdam, ameigeuza upande wangu nisome jina langu. Nilimwambia nitarudi. Karatasi ninayo, sijaitia sahihi. Barua ilibaki mezani kwake. Jana pikipiki ilisimama mbele ya nyumba yetu dakika nne, mwendeshaji hakuvua kofia wala kubisha hodi. Namba yake nimeiandika.

Jana hiyo hiyo nilimwambia Elkana. Nilimkuta anafunga godoro kwa kamba. Hakunikemea. Aliuliza nimemwambia nani mwingine, nikasema hakuna. Akasema basi nisianzie kwa mama jikoni wala kwa mchungaji ofisini. Niwaambie kwenye kioski cha maji, foleni ikiwa ndefu, kwa kuwa hapo ndipo mkewe alipochekwa. Nikamwomba asihame. Alisema lori limeshaagizwa, na kwamba watu waliomshuku kwa sababu ya kutembea, hata wakimwomba radhi, watamtazama tena akitembea.

Kesho saa moja asubuhi nitakwenda kwenye kioski. Mama atasikia hapo, pamoja na wengine. Kisha nitapeleka pingamizi kwa kiapo, mimi mchoraji, kwamba ramani ina uongo. Wewe ulipiga picha siku ya mazishi ya babu, na zina tarehe. Nitafutie zote, hata zilizotoka vibaya. Umpe mtu anayerudi huku kabla ya tarehe 30, kwenye kadi ya kumbukumbu, usizitume kwenye kundi.

Leo alfajiri nilirudi na dira. La babu, digrii 214, hatua thelathini na moja kutoka kisimani. La Nyamvula, digrii 219. Matatu yaliyobaki nimeyaandika pia. Nililenga kila moja mara mbili, kama tulivyofunzwa, na kidole sikukiuma.

Mama anakusalimu, bado kwa moyo mweupe. Wasalimie rafiki zako wa huko, na Mungu akulinde kazini. Ukikasirika, nikasirikie mimi peke yangu, ila picha uzilete.

Mimi mdogo wako,
Mweri