Mashine ya Shomari Bado Inaita

Tampere, Finland

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti halikusumbui sana na kwamba hukupanda tena lile shamba la juu peke yako, ingawa nakujua, umepanda. Mimi mzima wa mwili. Theluji imeanza kuyeyuka, viatu vinaloa tangu asubuhi, na jirani yangu amenisalimia kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa. Hayo ndiyo mafanikio yangu ya mwaka huu.

Barua hii nimempa Zuhura, binti anayesoma huku, anakuja kuwaona wazazi wake Mazimbu. Sikutaka kuyasema haya kwenye simu. Wewe kwenye simu unasema "sawa, sawa," halafu unampa mtu mwingine aongee.

Ni habari ya ile mashine ya mtoni. Kaka Shomari alipoifunga pale darajani, juu kidogo ya Mlali, ulimwambia itaibwa. Haikuibwa. Kila asubuhi inapima maji na kuwatumia ujumbe wote wenye bustani kando ya mto, na maji yakipanda inawaonya watoe pampu na watoto. Kwa mizaha yake akaipa jina lake mwenyewe. Kisha homa ikamchukua, mkamzika mimi nikiwa huku, na asubuhi iliyofuata simu zenu zikaita: "Shomari: maji ni ya kawaida." Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa kaka yangu walikosea.

Huwa unaniuliza kazi yangu ni nini, nami najibu kompyuta, basi. Leo nitajaribu. Natunza kipande cha programu ambacho kazi yake ni kusubiri. Kinakaa kimya, kikiambiwa kuna jambo kinaamka, kinalitenda, kinarudi kusubiri. Anayekiamsha ni kiini cha mfumo, sisi tunakiita keneli. Keneli mpya ni kama mtoto mwenye adabu: mgeni akipiga hodi anakuambia mara moja, ananyamaza. Za zamani hazijui hivyo. Zitakuita na kukuita mpaka uende mlangoni mwenyewe. Mashine ya Shomari ni ya zamani, na alitumia hicho hicho kipande ninachokitunza. Kwa hiyo taarifa zake hutufikia huku, na kila siku nikiwa kazini namwona: jina lake kwenye kioo cha kompyuta yangu, yuko hai, maji ni ya kawaida. Sijazoea.

Mwezi uliopita mkuu wangu, mama mmoja anaitwa Kaarina, alisema tuache kuzibeba keneli za zamani, zinatuchosha. Akaniuliza, "Nani bado anatumia kitu cha zamani hivyo?"

"Kaka yangu," nikamwambia.

"Mwambie abadilishe mashine."

"Alishafariki."

Akanimiminia kahawa. Lakini toleo lijalo la programu halitaibeba mashine ya Shomari, na ikibaki na la zamani, ikiugua haina wa kuitibu.

Na ilikuwa tayari inaugua. Betri yake ya jua ilikuwa inakwisha mchana, maonyo yanachelewa. Nikaingia kwa mtandao kutafuta sababu. Nikakuta programu hailali kabisa. Keneli inaiamsha, kuna ujumbe umeingia. Programu haijafundishwa kusoma ujumbe, inarudi kulala. Keneli inaiamsha tena. Shomari aliifundisha kutuma tu. Hakufikiri kuna mtu atamjibu.

Mama, jumbe hizo zilikuwa zinatoka kwenye namba yako.

Nilizisoma. Nisamehe, lakini mtu hawezi kuzifuta hivi hivi. "Shomari mwanangu umeamkaje, mahindi yameanza kubeba." "Mwanangu, mbuzi mweusi kazaa." Na ile ya mwisho: "Mdogo wako hapigi simu siku hizi. Wewe na yeye mnaongea?" Nilitoka nje nikasimama kwenye matope bila koti. Niliogopa, nasema kweli. Nilihisi Shomari yupo nyuma yangu anasubiri nimjibie.

Na ningeweza. Nilishaandika, "Tunaongea, Mama." Lakini ingekufikia kwa jina lake. Nikafuta.

Ndipo nikaelewa aliyoniambia Mjomba Kibwana. Ukoo umekaa, umeona mimi ndiye wa kurithi jina la marehemu, apate kutulia na sisi tutulie, na wewe umegoma. Mjomba alinipigia: "Mama yako anasema jina halirithiwi, mwenyewe bado anatuma salamu. Sasa wewe mwenye mashine, tuambie, kaondoka au hajaondoka?" Nilicheka siku ile, na nilifurahi kidogo kwamba umegoma, maana mimi pia sikutaka aondoke.

Kaondoka, Mama.

Nimeomba likizo. Nitakuja kabla ya masika kukolea, na mashine mpya mkononi. Ya zamani nitaizima mimi mwenyewe, wewe ukiwa umesimama pale darajani ukitaka. Mpya itatumia jina la mto. Halafu mnitandikie mkeka, nikae nirithi jina la kaka yangu kama ukoo ulivyosema. Ukikataa tena, nitakaa nyumbani nikusikilize, ila mashine lazima nibadilishe. Watu wana watoto kando ya mto ule.

Nisalimie Mjomba Kibwana, mwambie jibu lake analo sasa. Nisalimie shemeji Mwajuma, mjane wetu, na mwanawe. Msalimie Shangazi wa Kisaki akifika, na jirani yako yule asiyerudisha sufuria.

Mpaka nifike, utaendelea kupata ujumbe wa asubuhi kwa jina la Shomari. Ukitaka kumjibu, mjibu, nimeshairekebisha mashine, haitaumia. Ila ujue anayesoma ni mimi.

Mwanao,
Hamisi