Nguzo Ulizonifundisha Kusimamisha

Mpendwa mke wangu, Mama Zaina,

Nakuandikia nikiwa barazani kwa binti yetu, hapa Korogwe. Jana mafundi walimaliza kuezeka nyumba yake, nami nikasema jambo ambalo ilinipasa kulisema ukiwa hai.

Unakumbuka tulivyohamia kijiji cha ujamaa kule Handeni? Nilikuwa nimetoka kukata mkonge Mazinde, nimezoea nyumba za kambini, sijajenga hata banda la kuku. Wewe ulikuwa na mimba ya Zaina. Tulilala kwenye kibanda cha nyasi, na mawingu ya masika yalikwisha kuanza kukusanyika. Nikakuambia kujenga ni kazi ya mwanamume. Ukawa unanitazama tu.

Siku ya nne ya kazi upepo ukaziangusha nguzo zangu zote. Kwa aibu nikafunga mzigo nirudi mkongeni. Ukasimama mlangoni.

"Mashimo yako mafupi," ukasema taratibu. "Baba yangu alinifundisha. Ingiza mkono mpaka kwapani. Ukigusa chini, chimba tena."

Nikafungua mzigo. Ulikaa juu ya gogo, tumbo mbele, ukinielekeza: nichome ncha za nguzo motoni mchwa wasizile, nikaze fito kwa kamba ya mkonge. "Huo umepinda. Lete mwingine." Tulikandika udongo pamoja. Mvua ya kwanza ilitukuta tumekwisha kuezeka, na Zaina akazaliwa humo.

Baada ya hapo majirani wakaniita fundi. Nilijenga karibu nusu ya kijiji. Mtu akiuliza nilijifunzia wapi, nilisema Mazinde. Ulikuwa unasikia, na hukunikosoa hata mara moja. Nilidhani ni heshima tu. Siku hizi nadhani ulikuwa unanisubiri niseme mwenyewe.

Jana mafundi walinisifu mbele ya wageni. Nikawaambia, "Fundi alikuwa mke wangu. Mimi nilikuwa kibarua wake." Zaina akaacha kumimina chai.

"Baba, mbona hukuwahi kutuambia?"

Kabla sijamjibu, mjukuu wetu, binti mkubwa wa Zaina, akasogea akauliza kama naye anaweza kujifunza. Jumatatu tunaanza na banda la mbuzi. Mikono yangu imezeeka, lakini yake ina nguvu, na maneno yako ninayo yote.

Pumzika salama, mke wangu. Nimechelewa kulisema, lakini nimelisema watu wakisikia.

Mumeo,
Baba Zaina