Nimemharibia Verna duka lake

Doreen, nimeharibu. Nimemharibia Verna duka lake la mablanketi ya viraka.

Tuko mezani kwao, askofu wa kanisa lao yupo, lile ambalo mume ndiye kichwa cha nyumba, na Mahlon mumewe anamwambia askofu kwamba ameamua kumfungulia mkewe duka. Mimi na mdomo wangu: "Ameamua nani, Mahlon? Verna keshanunua mpaka mapazia."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu, Doreen.

Mahlon akaweka uma chini. "Basi hakuna duka."

Verna akanisindikiza hadi kwenye gari. "Dada Peggy, humu mimi huamua, yeye hutangaza. Wewe umenitangaza mbele ya askofu."

Hata hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Nikarudi kwangu, mimi mwanamke huru. Mume wangu Dwight, macho kwenye runinga: "Chakula kiko wapi?"

Nikampakulia.