Neno Nililomjibu Baba

Shoga, uko? Baba amefariki. Ndiyo, yule yule aliyetukimbia mimi na mama nikiwa darasa la tatu. Wiki nzima alikuwa amelazwa kwenye wodi yangu.

Mchana huu namfunga kidonda, akaniuliza, "Mwanangu, hivi Mungu anaweza kumsamehe mtu kama mimi?"

Unajua nilimjibu nini? "Wewe? Hapana."

Mimi! Muuguzi, tena mwanakwaya! Nikamwambia baba yangu hapana!

Nikasukuma toroli ya dawa nikatoka. Sikufika mbali, moyo ukanisuta, nikarudi. Nikamshika mkono: "Baba, anasamehe. Alishakusamehe zamani. Mimi ndiye niliyechelewa."

Mkono ulikuwa bado wa moto, lakini pumzi hakuna.

Mzee wa kitanda cha pili akaniambia, "Ulipotoka aliomba. Alisema, 'Bwana, nihurumie. Na huyu mwanangu usimhesabie neno lile, mimi ndiye niliyemuumiza.'"

Usimhesabie, shoga! Kwa pumzi yake ya mwisho ameniombea mimi.

Nimejifungia stoo ya mashuka. Niombee. Mimi nikifungua mdomo linatoka "Baba" tu, na sijui namwita yupi.